Sawa ya Ghala la Damu

Mtu mmoja alikuwa na kampuni ya kuunda mifumo ya kompyuta katika mji mmoja wa nyanda za juu. Jina lake lilikuwa Ambakisye. Wilaya ikampa kazi kubwa: vituo vya afya vya milimani viweze kuomba damu kwa simu kutoka ghala la damu lililoko mjini.

Kazi hiyo akamkabidhi Atupele, mwanamke aliyeijua fani yake. Atupele akaunda vitu viwili. Kimoja kilikaa kwenye simu ya muuguzi, nacho kilipendeza: kilikuwa na vitufe vikubwa, rangi nzuri, na picha ya gari likipanda mlima. Kingine kilikaa kwenye seva, kompyuta kuu ya ghala, hakina sura. Simu huuliza, seva hujibu. Seva haimkumbuki aliyeuliza jana. Kila ombi huja na maelezo yake yote, hupewa jibu lake, na mambo huishia hapo. Na simu, pamoja na uzuri wake wote, haina macho ya kuona ndani ya ghala. Huamini inachoambiwa. Kwa hiyo Atupele akaweka alama juu ya kila jibu, isomwe kabla ya yote: damu inakuja, au damu hakuna.

Siku ya kuuonyesha mfumo, wakubwa wa wilaya walikaa viti vya mbele. Muuguzi Tusajigwe, aliyetoka kituo cha mbali kuliko vyote, akaomba damu, na simu ikawa nyekundu: hakuna. Ilikuwa kweli. Ghala lilikuwa tupu, na lilikuwa tupu kwa kuwa wakubwa haohao hawakuwahi kuwahimiza watu wachangie. Walinuna. Mmoja akauliza kama wameletewa mfumo wa kuwaaibisha.

Ambakisye akamwita Atupele pembeni. Alitaka seva ijibu "sawa" kwa kila ombi, na habari ya kukosekana kwa damu iwekwe ndani kabisa ya jibu, mahali ambapo simu haisomi. Atupele akabisha, akasema huo ni uongo. Ambakisye akasema ni kwa muda tu, mpaka wakubwa wauzoee mfumo. Atupele akarudi kwenye meza yake akafanya alivyoambiwa. Msiniambie alikuwa ameamriwa. Vidole vilikuwa vyake.

Mfumo ukasifiwa wilaya nzima.

Kisha Sekela, mke wa fundi cherehani, akajifungua katika kituo cha Tusajigwe, na damu ikagoma kukatika. Ilikuwa asubuhi. Barabara ilikuwa kavu, gari la kituo limesimama uani, na hospitali ya ng'ambo ya bonde ilikuwa na damu. Tusajigwe akaomba kwa simu, kama alivyofundishwa. Seva ikatazama ghalani, ikaona hakuna kitu, ikajibu sawa. Ile picha ya gari ikaanza kupanda mlima.

"Vumilia, mama," Tusajigwe akamwambia. "Damu iko njiani."

Sekela akavumilia. Akavumilia mpaka jua likafika utosini, akafa ameelekeza uso wake mlangoni.

Wakubwa wa wilaya wakaitisha kikao. Ambakisye akasimama na shati lililopigwa pasi vizuri, akasema mfumo wake haukuwa umeonyesha kosa hata moja tangu uwashwe. Nawaambieni, alisema kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa laana yake. Akaketi, na watu wakaanza kuafikiana kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Ndipo Tusajigwe akasimama. "Mngeniambia hapana," alisema, "ningempakia kwenye gari asubuhi ileile."

Mume wa Sekela alikuwa amempakata mtoto, akitazama sakafu.

Atupele akatoka kikaoni kabla hakijafungwa, akaenda ofisini, akarudisha jibu la kweli bila kumwomba mtu ruhusa. Jioni hiyo simu za vituo vyote vilivyoomba damu zikawa nyekundu. Wauguzi wakaogopa, kisha wakaanza kupakia wagonjwa kwenye magari kuwavusha bonde. Wengine walipona. Ambakisye alipojua, akamfukuza kazi Atupele kwa kuharibu sura ya mfumo, na wakubwa wakamuunga mkono. Atupele alikwenda kwa mume wa Sekela kumwomba radhi. Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Wala sisemi alikosea kuufunga.

Mimi nina hasira, na sitaki mtu anitulize. Mnawalilia wafu, na huku mmeyakalia majibu ya kweli: maofisini, mimbarini, nyumbani kwenu mbele ya watoto wenu. Mnalainisha hapana ili msinuniwe. Basi niambieni, kabla hamjasimama mwende zenu: ni nani hivi sasa anatokwa na damu, akingoja mlangoni, kwa sababu ninyi mlimjibu sawa?