Siwa Haikulia kwa Wachota Maji

Hii nami nimetumiwa. Usikimbilie chini kusoma funzo. Anzia huku juu, uone lilivyopatikana kwa tabu.

Katikati ya karne ya kumi na tisa palikuwa na mji mmoja wa pwani. Jina lake tuliache, maana wajukuu wapo na maneno hayaishi. Aliyeutawala aliitwa Diwani Mwinyi Chande, na fahari yake ilikuwa siwa, ile pembe kubwa ya shaba. Mpulizaji wake alikuwa Kibwana, kama baba yake na babu yake walivyokuwa.

Siwa ililia mara tatu alipokufa mtu mkubwa. Ikilia, soko linafungwa, majembe yanawekwa chini, mji mzima unakwenda kuzika. Na wakubwa walijulikana: nyumba arobaini za mawe, basi. Waliobaki, wachukuzi, wachota maji, wachimba makaburi, walizikwa kimya kimya na jirani zao, na kesho yake watu walirudi kazini.

Kibwana alikuwa na dada mkubwa, Mwanatumu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mwanatumu aliishi mtaa wa chini, kwenye vibanda vya makuti. Kazi yake ilikuwa kuchota maji kisimani na kuwapelekea watu majumbani.

Mwaka huo mvua za vuli hazikunyesha, kisha kikaingia kipindupindu. Kilianzia mtaa wa chini. Ijumaa moja walizikwa saba, Ijumaa ya pili kumi na wawili. Huko juu, kwenye nyumba za mawe, watu walikuwa wakinywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika mabirika ya uani, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Mwanatumu hakujua kusoma, lakini alijua kila mtu wa mji ule anakunywa maji gani. Akamfuata mdogo wake jua likiwa utosini.

"Kibwana, ni kisima. Wanaokunywa maji ya kisima ndio wanaokufa, wa maji ya mvua wazima. Na mabirika ya huko juu yanakauka; jana nyumba tatu zimeniagiza mitungi ya juma lijalo. Kapige siwa, watu wakusanyike, kisima kifungwe tukachote mtoni."

"Dada, mto uko mbali. Na siwa si yangu. Yangu mimi ni pumzi tu."

"Basi itoe hiyo pumzi."

Kibwana akaenda kwa Diwani kuomba ruhusa. Alimkuta barazani anatafuna tambuu, akamweleza yote, kisima na vifo.

"Siwa imelia mara ngapi mwezi huu?" Diwani akauliza.

"Haijalia, Mwinyi."

"Basi amekufa nani?"

"Watu thelathini na wanne, Mwinyi."

"Nimekuuliza nani. Sikukuuliza wangapi."

Majina yao Kibwana aliyajua, maana alikula nao harusini na kulia nao msibani. Lakini mbele ya kiti kile ulimi ulikuwa mzito.

"Siwa ikilia leo kwa mchota maji, kesho italia kwa mbuzi," Diwani akasema. "Ukiipuliza bila amri yangu, itatoka nyumbani kwenu, nawe utatoka katika mji huu. Maradhi yakiingia mjini, siwa itatwambia."

Hivyo ndivyo walivyoamini wakubwa wote wa mji ule. Kama siwa iko kimya, mji ni mzima.

Siku tatu baadaye Mwanatumu aliamka anahara. Ilipofika adhuhuri macho yalikuwa yamezama na vidole vimenyauka. Kibwana akampigia magoti mkekani.

"Umeipiga?" dada akamuuliza.

"Bado, dada."

"Ipige kabla wale wa juu hawajaanza kunywa ya kisima. Wana watoto wale."

Alasiri haikumkuta. Kibwana akaenda kwenye chumba cha siwa, akaishika, akaipeleka mdomoni. Kifua kilikwisha jaa pumzi. Akaikumbuka nyumba ya baba yake, akaukumbuka mlango wa mji ukifungwa nyuma yake, akairudisha siwa mahali pake. Akaenda kumzika dada yake, yeye na watu wanne, mmoja wao tayari anatetemeka miguu. Tusimsafishe. Aliogopa. Wengi wetu tungeogopa, na hiyo si sifa.

Juma lililofuata mabirika yakakauka. Nyumba za mawe zikaanza kunywa maji ya kisima, yakiletwa mpaka mlangoni na wale wachota maji wachache waliosalia. Jumapili siwa ikalia kwa kadhi. Jumatatu ikalia kwa wakubwa wawili.

"Maradhi yameingia mjini!" watu wakapiga kelele, na ile ilikuwa wiki ya sita ya vifo. Wenye punda wakapakia, wenye miguu wakatimua mbio, kila mtu akakimbilia mashambani. Diwani akaamuru kisima kifungwe, lakini amri aliitoa akiwa kitandani, na kando ya kitanda palikuwa na ndoo.

"Kibwana," akaita kwa sauti ndogo. "Utanipulizia?"

"Nitakupulizia, Mwinyi."

"Vizuri. Waje wote."

Akafa asubuhi. Kibwana akasimama barazani, akapuliza mara tatu, kama alivyofundishwa na baba yake. Sauti ikaenda mpaka sokoni, ikashuka mtaa wa chini, ikarudi. Akangoja. Hakuna mlango uliofunguliwa. Akapuliza tena mpaka midomo ikachubuka.

Ndipo akatokea Bi Kirembo, mchota maji mwenzake marehemu Mwanatumu, na mtungi mtupu kichwani.

"Unamwita nani, mwanangu?"

"Nawaita waosha maiti. Nawaita wachimba kaburi na wabeba jeneza. Diwani amefariki."

Yule mama akautua mtungi. Akamtazama sana.

"Hao wamekufa mwezi uliopita," akasema. "Kwani hukuisikia siwa yao?"

Kibwana akalia pale pale barazani, mtu mzima na pembe yake mkononi. Alipomaliza kulia alimwosha Diwani peke yake, akamvika sanda, akamlaza kwenye mkeka, akaukokota. Kule kwenye makaburi ya wakubwa ardhi ilikuwa jiwe tupu, na kaburi lililotaka wanaume sita hakuliweza mmoja mwenye njaa. Basi akashuka naye hadi mtaa wa chini, mahali udongo ulipokwisha kulainishwa na majembe mengi. Akamzika ubavuni mwa Mwanatumu, akamsalia, akaondoka mjini bila kufukuzwa na mtu.

Siwa aliiacha barazani. Hakukuwa na wa kuipuliza wala wa kuisikiliza. Mvua zilipokuja zilisawazisha vilima vyote vya udongo, na hata leo hakuna awezaye kuonyesha hapa kalala Diwani, hapa kalala mchota maji.

Funzo: Mji unaohesabu vifo vya wakubwa peke yao huujua msiba siku umewafikia wakubwa, na siku hiyo wa kuwazika wamekwisha kutangulia.