Tumbo la Lori

"Sasa mahindi ya watu nitayasaga kwa meno?" Tunu aliuliza. Shemeji yake, tajiri Mloka, alitaka krenki, ule mhimili unaozungusha injini, ya mashine yake ya kusaga ili aimarishe injini ya lori lake.

"Injini hizi ni ndugu," alisema Mloka. "Ndugu hunyimana?"

"Hawanyimani, shemeji. Chukua tumbo zima la injini, krenki pamoja na bloku inayoibeba."

Mloka alicheka, akafungiwa tumbo hilo kwenye lori lake. Lori likapanda milima ya Uluguru likinguruma. Liliporudi, Tunu alimpokea mbele ya wazee wa ukoo.

"Shemeji, shamba la marehemu mume wangu uliwanyang'anya wanangu kwa neno gani?"

"Kwa mila. Kwetu Waluguru, mali hufuata tumbo la mama, haifuati baba."

"Na lori hili lina tumbo la nani?"

Wazee walikohoa. Mmoja akacheka.

"Naomba funguo za lori, shemeji," Tunu alimwambia Mloka.