Umeme Uliovuka Mpaka Bila Salamu

Hapo zamani, wala si zile za majini na mazimwi bali zamani za nguzo na nyaya, palikuwa na Sultani aitwaye Hamdani, mtawala wa nchi ya Mwambani. Nchi hiyo haikuwa na mto wa maana, kwa hiyo umeme wake wote ulitoka kwa jirani, nchi ya Ruvia yenye maporomoko ya maji. Ulikuja juu ya nguzo, ukavuka mpaka, ukateremka hadi jumbani kwa Sultani kupoza vyumba vyake na kupandisha maji yake ya kuoga. Raia walipata uliobaki, kama ulibaki.

Na mpakani palikuwa na desturi ya tangu na tangu. Kila mpita njia, awe tajiri au mchunga mbuzi, hushuka alichopanda, akatoa salamu, akataja jina lake na atokako, kisha akapigwa mhuri mgongoni mwa kiganja. Hata shangazi yake Sultani alipigwa mhuri, akanuna kwa muda mrefu.

Basi siku moja Waziri Sheibani, mtu mwenye tumbo kubwa na kazi ndogo, akamnong'oneza bwana wake kwamba yuko mgeni anayevuka mpaka kila saa, tena anapita juu ya vichwa vya askari pasi na kushuka wala kusalimu, na mgeni huyo ni umeme. Sultani akaona amedharauliwa. Papo hapo ikatoka sheria: umeme nao usimame mpakani, ushuke, ujitambulishe, upigwe mhuri wa dola kwa mkono wa Waziri, maana mhuri huo haukuruhusiwa kushikwa na mkono mwingine. Na yeyote atakayeuachia uingie nchini bila mhuri, shingo yake ni halali ya upanga.

Wakuu wa baraza wakatikisa vilemba kwa kukubali. Mtu mmoja tu akacheka, naye alikuwa Feruzi, fukara asiyekosa baraza hata siku moja kwa sababu ya kahawa na tende za bure. Sultani akamwuliza kinachomchekesha.

"Ni furaha tu, bwana wangu," akanena Feruzi. "Mimi kila nivukapo mpaka hupekuliwa hadi ndani ya kofia, na huo umeme hupita hivi hivi. Sasa tutakuwa sawa."

"Kwa kuwa umefurahi sana," akasema Sultani, "kazi ni yako. Nenda ukausimamishe. Umeme ukipita bila mhuri, shingo itakayokatwa ni yako."

Feruzi akarudi nyumbani, kicheko kimemkauka. Aliogopa, tena aliogopa kweli, kwa kuwa alimjua Sultani: hakuwa mtu wa kusahau upanga wake. Mkewe, Bi Kazija, alipoyasikia akamwambia, "Si nilikwambia, ukinywa kahawa ya watu unywe unyamaze?" Kisha akalia, na Feruzi akalia naye, mpaka machozi yakawaishia wote wawili. Asubuhi akamfungia muhogo wa kuchemsha, naye akashika njia.

Alipofika mpakani akasimama chini ya waya, akavua kofia, akausalimu umeme kwa adabu mbele ya askari wote, akauomba ushuke utaje jina. Waya ukavuma tu. Askari wakaangua kicheko. Feruzi akaketi kula muhogo wake, na alipokuwa akitafuna macho yake yakaangukia kibanda chenye swichi kubwa, iliyowekwa na mafundi wa Ruvia ili wakitaka kukarabati waya, waukate umeme kwanza. Akafuta mikono kwenye kanzu, akaingia kibandani, akauvuta mkono wa swichi chini kwa nguvu zake zote.

Ikawa saa ile ile Sultani yuko hamamuni, amejipaka sabuni toka utosini hadi unyayoni, na maji yakakatika. Akangoja. Akaita. Akatukana. Chumba kikapata joto, sabuni ikamkaukia mwilini, na jikoni barafu yote ikawa maji. Alipoambiwa kuwa umeme umezuiwa mpakani, akavaa joho juu ya sabuni hiyo hiyo, akampakia Waziri garini, wakaenda mbio. Alifika anajikuna.

"Umefanya nini, ewe mwanaharamu?" akauliza.

"Nimetii, bwana wangu. Uliamuru umeme usimame, nao umesimama. Uko upande ule wa swichi, unangoja mhuri. Ngazi hii hapa, waya ule pale. Na Bwana Waziri, naona, amekuja na mhuri wake."

Waziri akautazama waya. Akasema kuwa hana taabu, atapanda na kuupiga mhuri, alimradi swichi ibaki chini.

Feruzi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Swichi ikiwa chini, Bwana Waziri, mgeni hajafika. Utampigaje mhuri mtu asiyekuwapo? Huko ni kughushi mhuri wa dola. Wewe panda, ushike waya barabara, mimi niinue swichi, umpige mhuri akiwa anapita."

Waziri akageuka rangi. Akasema ana kizunguzungu cha ngazi tangu utotoni, na kwamba kiungo cha mkono wa mhuri kinamuuma. Sultani akamtazama, akijikuna.

"Basi yaishe," akanena. "Feruzi, inua swichi."

"Siwezi, bwana wangu. Umeme hauna mhuri, na shingo ninayo moja."

"Waziri, inua wewe."

Waziri akapiga magoti, akaomba asamehewe. Askari nao wakawa wanatazama viatu vyao. Sultani akatoa tusi, akaingia kibandani mwenyewe, akaushika mkono wa swichi.

"Ngoja kidogo, bwana wangu," Feruzi akasema kwa upole. "Nataka nijue tu. Ile sheria iliposema yeyote atakayeuachia, ni yeyote kweli, au kuna mtu asiyeguswa?"

Mkono wa Sultani ukabaki pale pale kwenye chuma. Jasho likateremka, likachanganyika na sabuni, likamwingia machoni. Na katika kuwashwa kule kicheko kikamjia, kwanza puani, kisha tumboni, hata akashika ukuta asianguke. Akaifuta sheria kwa sauti mbele ya askari wote, kisha akainua swichi, na waya ukavuma tena.

Alipomwuliza Feruzi anataka tuzo gani, Feruzi hakuomba joho wala nyumba. Aliomba kwamba tangu siku hiyo, kila ashauriye sheria awe wa kwanza kutumwa kuitekeleza. Sultani akamtazama Waziri aliyekuwa bado amepiga magoti mavumbini, akakubali.

Na nchi ya Mwambani, hadi alipokufa Sultani yule, haikupata sheria nyingine mpya.