Moto wa Bi Bupe

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa ninyi mnaotetemeka kwa kaubaridi haka ka kitoto, kulikuwa na baridi yenyewe. Sogeeni. Na wewe unayejifanya umelala, nakuona, na nikifika mwisho nitaanza na wewe. Walimu walinishindwa, sawa, lakini kwa kusimulia hakuna wa kunigusa mlima huu mzima.

Basi. Huko juu, ambako mwezi wa saba sakitu, ule umande ulioganda, hulala kwenye majani ya viazi mpaka yaungue yawe meusi, palikuwa na mji mdogo: nyumba, jiko la nje, zizi la kondoo. Mwenye mji ni Mzee Kasyupa. Mkewe ni Bi Bupe, mwenye ulimi mkali na kifua kibovu. Watoto wao ni Ambakisye, kisha Tusekile aliyerudi nyumbani na kichanga mgongoni, na Lugano kitinda mimba.

Kipupwe kile kifua cha Bi Bupe kilibana. Moshi wa jikoni ukawa haumfai, wakamlaza chumbani peke yake. Akikohoa, kondoo zizini wanaitikia.

Ambakisye akasema, "Mama, upepo unapita humu kama kwake." Akakanda udongo na nyasi, akaziba mwanya wote kati ya ukuta na paa.

"Unanizika nikiwa hai, wewe?" mama akamtania.

Tusekile akasema, "Mama, miguu yako ya baridi kama ya chura." Akachota makaa mekundu yasiyo na moshi, akayatia kwenye chungu kipana, akakiweka karibu na kitanda.

"Hapo umenena, mwanangu. Ila mlango uache wazi kidogo, niwasikie kondoo wangu."

Tusekile akauacha wazi. Jioni Lugano akapita, akauona. "Nani huyu asiye na akili, anamwachia mama mlango wazi na baridi hii?" Akaufunga, akasukumia gunia chini yake. Mama alikuwa ameshasinzia.

Asubuhi nje kweupe kama pamemwagwa unga. Mama haamki. Na kuku wawili waliokuwa wakilala chini ya kitanda chake, nao hawaamki. Hawana jeraha, hawakuugua. Ndipo wote wakaelewa: makaa yasiyo na moshi nayo yana pumzi yao mbaya, na chumba kile hakikuwa na pa kuitolea.

Wakamzika.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo penye kazi. Kwao, mama mwenye jiko akifa, moto wake huzimwa. Wakirudi kutoka kaburini, mmoja wa nyumba ile anauwasha upya, yule ambaye mkono wake haumo katika kifo hicho. Mwenye mkono akiwasha, amemtukana marehemu. Jirani akiwasha, au wa nyumba ile akienda kuota moto kwa jirani, mji umekwisha, watu watawanyike. Na jua lilikuwa linashuka, sakitu inarudi, na midomo ya kichanga cha Tusekile imeanza kuwa ya kijivu.

Kiberiti kikawekwa juu ya figa. Majirani wakasimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kuvuka.

"Kaka, washa wewe," Tusekile akasema. "Udongo haujaua mtu. Makaa ni yangu."

"Makaa yako uliyaachia mlango," Ambakisye akajibu. "Na mwanya wa juu tu ungetosha, kama nisingejitia ufundi. Awashe Lugano, yeye mdogo."

"Udogo gani, kaka! Mama alitaka mlango wazi, mimi nikaufunga, nikasukumia na gunia chini yake!"

"Hukumsikia akisema."

"Sikumuuliza!"

Wakamgeukia baba yao. Mzee Kasyupa hakuinua uso.

"Msinitazame mimi," akasema. "Ukuta mmoja tu ulitutenga. Nilimsikia akikohoa, akikohoa, kisha akanyamaza. Nikasema, afadhali, leo mke wangu amepata usingizi. Nikavuta blanketi."

Kichanga kikalia. Tusekile akakiingiza kifuani, akakipulizia pumzi kwenye vidole. Hakuna aliyesogea. Kiberiti pale pale, juu ya figa.

Na msiniletee ujanja wa kusema awashe mtoto! Najua ndiye pekee asiye na kosa, lakini mkono wake haujui kushika kitu ila kidole cha mama yake. Mimi hapa, mniulize kondoo, mniulize viazi, mniulize wasichana, nitawajibu mpaka mchoke. Hili limenishinda.

Haya, wewe uliyejifanya umelala. Aliyeziba mwanya, aliyeleta makaa, aliyefunga mlango, na aliyeshukuru kikohozi kilipokatika: je, nani alistahili kuuwasha moto wa Bi Bupe?

Jibu upesi. Kichanga kinaanza kunyamaza.