Sanduku la Ngiri na Kipochi cha Sange

Paukwa!

*Pakawa!*

Kipochi changu?

*Kidogo!*

Na sanduku?

*Alibebe mwenye nguvu!*

Basi sogeeni. Wewe mwenye uji mdomoni, meza kwanza, maana kuna mahali pa kucheka na sitaki kufua mkeka.

Hapo zamani aliishi Sange. Sange ni mnyama mdogo kama panya, pua yake ndefu kama mrija, miguu yake myembamba kama njiti za kiberiti. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja: kupamba mabibi harusi. Kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia. Akikupaka wanja Sange, hata kama wewe ni Chura, watu wanauliza, "Huyu mrembo katokea wapi?"

Asubuhi moja Njiwa alitua mlangoni kwake, pu!

"Sange, mama! Binti wa Mama Digidigi anaolewa leo alasiri kule Maweni. Alikuwa apambwe na Tausi, lakini Tausi amejipaka vipodozi vyote yeye mwenyewe, na sasa hataki kutoka mbele ya kioo. Njoo wewe!"

"Na sinia lipo?" akauliza Sange.

"Lipo. Limejaa mpaka kawa ya kulifunikia inacheza juu yake."

Hapo lazima niwaeleze. Kule Maweni walikuwa na desturi yao. Anayempaka bibi harusi wanja ndiye anayekula kwanza. Analetewa sinia lake peke yake: wali wa nazi, maharage, viazi vitamu, na juu yake kumbikumbi wa kukaanga. Hakuna anayegusa chakula kabla yake, hata bwana harusi. Na kinachobaki anafungiwa aende nacho nyumbani.

Sasa watoto wa Sange walikuwa wanakula sisimizi tangu mwezi uliopita. Sisimizi asubuhi, sisimizi mchana, sisimizi jioni. Yule mdogo kabisa alishawazoea, akawa anawaamkia kabla ya kuwala.

Sange akachukua kipochi chake. Poda akaitia ndani ya ganda la karanga. Wanja akautia kwenye kipande cha unyasi, akaziba kwa nta. Mafuta hakubeba chupa. Alilowesha pamba kidogo, basi. Hina akaitia kavu, maji yapo huko huko. Rangi nyekundu akachukua moja tu, ya midomo na ya mashavu. Kioo akachukua kipande, akakizungushia kitambaa, na kitambaa hicho hicho ndicho cha kufutia mikono. Akafunga. Kipochi kikaenea kwapani.

Kisha akakaa chini, akaanza kulia.

Kwa nini? Kwa sababu Maweni ni mbali. Kwa miguu ya Sange ni mwendo wa siku mbili. Kwa miguu ya Ngiri ni asubuhi moja. Lakini Ngiri alikuwa mkubwa na mroho, na hakuwa mtu wa kumpa mwenzake msaada.

Bado analia, akasikia: kwata, kwata, kwata!

"Hodi! Usinikaribishe, nimeshaingia!"

Alikuwa Ngiri. Kweli ameshaingia, na mlango umebaki shingoni mwake kama mkufu.

"Shoga," akasema Ngiri, "nimesikia habari za sinia. Kumpamba huyo binti nakwenda mimi."

"Wewe? Umewahi kumpamba nani?"

"Sijampamba mtu. Lakini nimekula harusi nyingi. Lete hicho kipochi!"

Sange akafuta machozi kwa ncha ya pua. Akaitazama miguu ya Ngiri, minene, yenye nguvu. Akautazama mgongo wa Ngiri, mpana kama kitanda.

"Chukua, shoga, chukua," akasema. "Ila watakucheka. Mpambaji mdogo, kipochi kidogo, sinia dogo. Mpambaji mkubwa je?"

Ngiri akafikiri. "Sinia kubwa!"

"Na vifaa vyake?"

"Sanduku kubwa!"

"Umeona? Nenda kalete."

"Naleta. Na wewe utanitajia vya kutia. Ukinificha kitu, nakukalia."

Wallahi hayakuwa maneno ya mzaha. Zamani Mjusi alikuwa mnene. Ngiri alimkalia mara moja tu.

Sanduku likaja. Ngiri akazunguka huku na huku, akachukua hiki kwa huyu na kile kwa yule, akaanza kulijaza.

"Umetia poda?" akauliza Sange.

"Nimetia!"

"Kubwa au ndogo?"

"Gunia zima!"

"Hapo sawa. Umetia mafuta?"

"Nimetia!"

"Mengi au machache?"

"Mtungi mzima, nimeuziba kwa jani!"

"Hapo sawa kabisa. Umetia kioo?"

"Nimetia! Mlango wa kabati!"

"Hapo sawa. Umetia hina?"

"Nimetia, kavu."

"Kavu? Yaani wewe ufike uanze kukoroga, huku sinia linapoa? Ikoroge hapa hapa, shoga."

Sinia kupoa! Ngiri akakoroga beseni zima, mbio mbio, akaliweka juu ya kila kitu.

"Kimebaki kitu kimoja," akasema Sange. "Bila hicho, vyote hivyo ni takataka."

"Kikubwa?"

"Kidogo. Lakini kina haya, hakipendi kutazamwa. Geuka nikitie."

Ngiri akageuka. Sange akawabusu watoto wake wanne, mwa, mwa, mwa, mwa, akawaashiria wakimbilie kwa jirani yao Mama Kindi. Kisha akaruka ndani ya sanduku na kipochi chake kwapani, akajibanza kwenye pembe, akavuta mfuniko kwa pua. Kop!

"Tayari!" ikasema sauti. "Nenda, jua linapanda!"

Ngiri akageuka, hakumwona mtu. "Kaingia ndani kulia, masikini," akasema. Akalitupia sanduku mgongoni, akaondoka.

Kwata, kwata, huu! Kwata, kwata, huu!

Jua likawaka. Jani likachomoka kwenye mtungi, mafuta yakatoka, glu, glu, glu. Gunia likapasuka, poda ikatoka, puuu! Beseni likayumba, hina ikamwagika, chubwi! kwenye miguu ya mbele. Chubwi! kwenye miguu ya nyuma. Ngiri hakuona kitu, maana macho yamejaa poda.

Kwenye kilima cha kwanza akalitua sanduku.

"Uzito gani huu! Ngoja nitupe kimoja." Akaingiza mguu, akapapasa kwenye pembe, akagusa kitu laini chenye pua.

"Tupa kikubwa!" kikasema kile kitu.

Ngiri akashtuka, akatazama nyuma, akatazama juu. Kisha akacheka.

"Ehe! Kumbe ni akili yangu. Siku zote imenyamaza, leo inaongea. Haya, akili, kikubwa kipi?"

"Kioo!"

Akakitupa. Kacha!

Kwenye kilima cha pili akatua tena. "Akili, nitupe nini?"

"Gunia!"

Akalitupa. Puuu!

Kwenye kilima cha tatu. "Akili, nitupe mtungi?"

"Tupa!"

"Na beseni?"

"Beseni acha kwanza."

Akaliacha. Chubwi! Chubwi! Mpaka Maweni.

Mama Digidigi alikuwa amesimama mlangoni, roho juu, maana jua lilikuwa linashuka na binti yake yuko ndani hajapakwa hata tone la mafuta. Akamwona Ngiri, akafurahi. Akamtazama miguu, akashika kichwa.

"Ala! Mama wewe, mbona umeshapakwa hina?"

"Hina gani? Mimi ndiye mpambaji! Sinia liko wapi?"

Wanawake wakatoka ndani wote. Wakaitazama miguu minne inayochuruzika hina mbichi.

"Mwenye hina mbichi hashiki kitu," akasema mmoja.

"Anakaa chini, ananyoosha miguu," akasema wa pili.

"Anafungwa vitambaa mpaka kesho," akasema wa tatu, na vitambaa ameshavileta.

"Lakini mimi..."

"Kaa, mwaya, usituchafulie mikeka. Wanja utaushikia nini, meno?"

Wakamkalisha pembeni. Wakamfunga vitambaa miguu yote minne. Mama Digidigi akaanza kulia: "Sasa mwanangu atapambwa na nani?" Wakalifungua sanduku labda watapata hata wanja. Ndani walikuta beseni tupu, na nyuma ya beseni, pua.

"Hodi," ikasema pua.

"Sange!"

Basi Sange akatoka, akajipukuta poda, akafungua kipochi. Poda, fu! Wanja, shwaa! Nyekundu ya midomo, nyekundu ya mashavu. Hina akaikoroga ndani ya ganda la karanga, akachora maua madogo kwenye kwato. Alipomshikia kioo, bibi harusi akajitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni mimi?" Vigelegele vikapigwa mpaka Tausi akatoka kule mbele ya kioo chake kuja kuona kuna nini.

Sinia likaletwa. Kawa inacheza juu yake.

"Shoga!" akaita Ngiri kutoka pembeni. "Na mimi!"

"Una hina, shoga. Mwenye hina analishwa."

"Basi nilishe!"

Sange akachukua punje moja ya wali. "Fungua mdomo."

"Kubwa au ndogo?"

"Ndogo. Hapo sawa?"

Ngiri hakungoja punje ya pili. Akajiangusha juu ya magoti, vitambaa na vyote, akaokota kwa mdomo zilizodondoka chini ya sinia. Mpaka leo Ngiri anakula amepiga magoti. Akiulizwa anasema ana hina.

Kesho yake asubuhi akafunguliwa. Akalibeba sanduku lake tupu arudi kwao.

"Akili," akasema njiani, "mbona tupu limekuwa zito kuliko jana?"

"Ni machovu," ikajibu akili. Ilikuwa inatafuna kumbikumbi. "Twende, watoto wanangoja."

"Watoto gani?"

"Twende tu."

Basi fundisho la hadithi hii ni hili: kinamama, mkisafiri bebeni masanduku makubwa, na myajaze. Vipochi vidogo ni tabia ya wavivu, wanaofika bila kutembea na kurudi wameshiba. Na akili yako ikianza kuongea kwa sauti, itii, hasa ikiwa inanukia wali.

Hadithi yangu nimeifunga zipu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa mbaya, nirudishieni, nitaipaka poda.