Jina la Binti wa Masunga

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana filimbi nitakayoitaja bado inalia, kulikuwa na gulio la Itunduma. Kila Jumanne askari mmoja wa kike, Koplo Tegemea, alifika hapo na kipaza sauti kuwafundisha watu usalama. Masomo yake yalikuwa mawili tu. La kwanza: "Mtoto akilia mikononi mwa mtu msiyemjua, msinyamaze. Pigeni kelele!" La pili: "Mkimkamata mtu, mkalisheni chini, mumuulize, mpulize filimbi. Msimpige!" Filimbi yenyewe alimkabidhi Bi Zamoyoni, muuza vitumbua, kwa kuwa hakukosa somo hata moja.

Nyamizi, fundi pancha, hakuhudhuria hata siku moja. "Porojo za serikali," alisema, akaendelea kujaza upepo.

Basi Jumanne moja asubuhi, Koplo hajafika bado, akapita Masunga, mgeni pale, kambeba mpwa wake. Mtoto katoka kuchomwa sindano zahanati, analia kama anachinjwa. Bi Zamoyoni akatazama. Mtu hamjui. Mtoto analia. Akafanya alivyofundishwa.

"Mwizi wa mtoto! Mwizi wa mtoto huyooo!"

Somo la kwanza watu walilishika barabara. La pili, jamani, hakuna aliyelikumbuka. Mtoto akanyang'anywa, akatiwa mikononi mwa Bi Zamoyoni. Masunga akaangushwa.

"Ni mtoto wa dada yangu!" Teke.

"Muulizeni mtoto mwenyewe!" Teke.

"Mke wangu mjamzito, nihurumieni!" Teke.

Mmoja akaitisha petroli, mwingine akaitisha tairi. Vijana wakakimbilia kwa Nyamizi. Nyamizi akawatazama, akalitazama tairi, akalikalia.

"Inuka, mama."

"Siinuki."

"Tumesema inuka!"

"Tairi langu halichomi mtu."

Jiwe likampata jichoni. Hakuinuka.

Huku nyuma mtoto anajinyonganyonga, anamnyooshea Masunga mikono: "Mjomba! Mjomba!" Bi Zamoyoni akatambua kosa lake. Akamweka mtoto kando, akapuliza filimbi mpaka pumzi ikamkatika, kisha akamlalia Masunga. Rungu lililokuwa likishuka likamvunja yeye mkono.

Koplo Tegemea akaja mbio, peke yake, bila bunduki. Akasimama mbele yao, akaanza kuita majina, maana kwa kufundisha kule alikuwa amewajua wote. "Dotto, weka jiwe chini. Mzee Kashindye, hata wewe? Shija, hiyo petroli unampelekea nani?" Kila aliyetajwa akaangusha alichoshika, mpaka uwanja ukabaki na mawe tu.

Wiki ileile Kabula, mke wa Masunga, akajifungua mtoto wa kike. Masunga, uso bado umemvimba, akasema, "Huyu atachukua jina la aliyeniponya."

Wakaja wanawake watatu.

Koplo Tegemea akasema, "Bila mimi kusingekuwa na filimbi, wala wa kuipuliza. Na nisingeyajua yale majina, leo mngekuwa matangani."

Nyamizi, jicho moja limefungwa kitambaa na halitaona tena, akasema, "Bila somo lako, afande, nani angepiga kelele? Mimi sikufundishwa na mtu. Ningelitoa lile tairi, filimbi yako ingelilia majivu."

Bi Zamoyoni akasogea, mkono umefungwa bendeji. "Mimi ndiye niliyepiga kelele," akasema. "Sina usingizi tangu siku ile. Lakini mwili uliokuwa juu ya Masunga ni wangu, na mkono mnauona. Sitaki sifa. Nataka nikimwita mtoto huyu nikumbuke nilichofanya, chote."

Kabula akamtazama mumewe. Mtoto akaanza kulia, na wanawake wote watatu wakanyoosha mikono kumpokea.

Haya, ninyi mliokaa hapo, wewe unayetafuna mua na wewe unayejifanya umesinzia, nijibuni kabla sijanyanyuka: je, mtoto yule alistahili kuitwa jina la nani?