Korongo na Wajina Wake wa Chuma

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Ndiyo sauti hiyo? Mmekula au mmenusa tu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana bandari ilikwisha jengwa, Korongo aliishi na mkewe katika kinamasi nyuma ya bandari. Shingo ndefu, miguu mirefu, na maringo marefu kuliko vyote. Kiotani mwao mlikuwa na mayai mawili.

Siku moja akaja Kunguru, pa-pa-pa! Kunguru huyu alishinda bandarini akiokota makombo na maneno ya watu.

"Korongo, una habari? Kwa Kiingereza wewe unaitwa kreni."

"Kreni! Tamu hilo."

"Ngoja kwanza. Na lile dude la chuma linalonyanyua makontena, nalo ni kreni. Watu waliona linavyoinama na kuinuka, wakasema, huyu ni korongo mtupu! Jina lilianza kwako, likahamia kwake."

"Kumbe ni wajina wangu!" Korongo akavimba. "Na wajina ni ndugu."

Toka siku hiyo hakushikika. Akimkuta Bata: "Unamjua wajina wangu?" Akimkuta Chura: "Unamjua wajina wangu?" Chura akawa akimwona tu, chubwi! anazama.

Mvua ikaja. Chwa-chwa-chwa! Maji yakapanda mpaka ukingo wa kiota.

"Mume wangu, mayai yatasombwa! Zoa matete tukiinue kiota."

"Nizoe matete, mimi? Wajina ananyanyua makontena, atashindwa na mayai mawili? Naenda kumwita."

Akaenda. "Hujambo, wajina!" Kimya. "Wajina, hodi!" Kimya. Mwisho, mkubwa mzima akasema, "Shikamoo, wajina!" Dude likanguruma, gru-gru-gru, likanyanyua kontena lake, likageuka, likampa mgongo.

Korongo akarudi ameloa chapachapa. Maji yalikuwa yameanza kuingia kiotani, mkewe amelalia mayai, analia.

"Wajina amekataa," akasema.

"Lile lichuma limepewa jina kwa ajili ya shingo yako! Na shingo si hiyo hapo? Inama!"

Korongo akainama, akazoa matete, akainuka. Akainama, akainuka. Mkewe akayasokomeza chini ya kiota. Maji yakipanda, kiota kinapanda. Maji yakipanda, kiota kinapanda. Mvua ilipokatika, Korongo aliyagusa mayai. Yalikuwa makavu, yana joto. Akalia kwa furaha, bila aibu.

Kunguru akapita. "Vipi, wajina alikuja?"

"Acha maneno," akasema Korongo, ameinama. "Lete matete."

Basi, wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: jina kubwa halinyanyui kitu. Hunyanyua yule aliyekubali kuinama.

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyesinzia nimemwona.